Laini ya Marehemu

Mlio barazani na kahawa yenu, mlio jikoni mnapepea mkaa, na wewe dereva ambaye foleni imekukamata hapo ulipo na huna la kufanya ila kunisikiliza, nawasalimu nyote.

Leo nina kisa kidogo, halafu nina maneno mengi juu ya kisa hicho. Mnivumilie.

Mwezi uliopita nilikuwa wa tatu kwenye foleni ya kibanda cha wakala wa pesa za simu, hapa mtaani kwetu. Mbele yangu kijana wa bodaboda, na mbele ya kijana, pale dirishani, baba mmoja wa makamo. Shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni, viatu vya kamba. Ungemwona ungesema mwalimu anayekaribia kustaafu. Namba ya kutumia pesa hakuwa nayo kwenye simu. Alikuwa ameiandika ubavuni mwa kiberiti.

Akamsomea binti wakala ile namba, pole pole, tarakimu mbili mbili. Akaweka noti mezani, laki moja na nusu. Binti akabonyeza, akasubiri, kisha akasoma jina kwa sauti kama wanavyosoma wote. Jina la kike, majina matatu kamili. "Ndiye mwenyewe?"

Yule baba hakujibu.

"Baba, ndiye mwenyewe?"

"Hebu rudia."

Binti akarudia jina.

"Tuma," akasema. Binti kidole kiko kwenye kitufe, yule baba akamwahi: "Ngoja kwanza." Kimya. Kijana wa bodaboda akasonya kidogo, si kwa ubaya, kwa haraka zake tu. Yule baba akatazama juu, pale penye bango la bei za makato, kama mtu anayesoma dua ukutani. Kisha akasema: "Haya, tuma."

Akapewa risiti yake. Akakichukua kile kiberiti, akabandua ubavu wenye namba, akaukunja mara mbili akautia mfukoni mwa shati, nyuma ya kalamu. Njiti akaziacha palepale mezani, kiberiti kizima, akaondoka zake.

Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyaona. Hazikufika dakika tatu.

Sasa, mimi ni mwandishi wa riwaya za mapenzi na taharuki. Ni kazi ambayo watu wakikuuliza unafanya nini ukawajibu, wanacheka kwanza, halafu wanakusogelea karibu na kukunong'oneza: "Mimi nina kisa, ukikisikia utaandika vitabu vitatu." Na vijana wanaotaka kuandika huniuliza swali moja kila siku: visa mnavitoa wapi? Wanauliza kwa namna ya mtu anayedhani kuna ghala mahali fulani, na mimi ninao ufunguo. Wengi wao wanaamini kwamba kisa cha taharuki lazima kianzie uwanja wa ndege. Lazima awepo tajiri mwenye gari lenye vioo vyeusi, mzigo wa unga bandarini, na msichana mzuri ambaye hajui kwamba mchumba wake ni jambazi.

Siwalaumu. Tumelelewa hivyo. Mimi mwenyewe nimemsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba chini ya shuka, tochi mdomoni. Nimemfuata Joram Kiango wa Ben Mtobwa kila alikokwenda, na ningemfuata hata kama angekwenda kuzimu. Vitabu vile vilitufundisha kufungua ukurasa wa pili. Lakini riwaya ya ujasusi ni mnyama mwingine. Kule adui yuko nje, ana bunduki, na kazi ya shujaa ni kumfikia. Huku kwetu kwenye mapenzi na taharuki, hatujui kama adui yupo. Tunachojua ni kwamba kuna mtu tunayempenda, tunakula naye sahani moja, na kuna kitu kimoja juu yake ambacho hakikai sawa. Wahenga walishamaliza: kikulacho ki nguoni mwako. Wao walisema kwa uhakika. Mwandishi wa taharuki haruhusiwi kuwa na uhakika. Yeye anahisi kitu kinatambaa nguoni, na hajui kama ni siafu au ni uzi tu wa mshono umelegea.

Turudi kibandani. Jioni ile nilimsimulia jirani yangu kile kisa. Hakunipa nafasi ya kumaliza. "Ana nyumba ndogo huyo," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Kisa kimekufa hapohapo, kimezikwa na chuya.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho nimekuwa nikikifanya miaka yote bila kukipa jina. Umbea na riwaya vinachota kisima kimoja. Tofauti yake ni kwamba mmbea anataka jibu, na akishalipata anakwenda nyumba ya pili kuligawa. Mwandishi akishapata jibu amepata hasara. Kinachomlisha ni lile swali, tena liwe swali lenye majibu mawili, yote mawili ya kweli kiasi kwamba ukishika moja, la pili linakuvuta kanzu. Huyu bwana anamsaliti mkewe. Au huyu bwana anamsomesha mtoto wa marehemu kaka yake, na hataki mkewe ajue kwa sababu walishagombana juu ya ada. Kusitasita kwake pale dirishani kunafaa kote kuwili. Mkono wa msaliti unatetemeka, na mkono wa mtu mwema anayeficha wema wake nao unatetemeka vilevile.

Niwape mfano wa pili, na huu mama zangu wa Unguja, Tanga na Mombasa wataukubali haraka kuliko wanaume wao.

Udi. Kuna udi wa kununua dukani, ule hauna siri. Lakini kuna udi unaopikwa nyumbani, wa sukari, ambao kila mwanamke ana mkono wake. Huyu anazidisha mawaridi, yule anaweka sandali nyingi, mwingine ana mafuta aliyoletewa na wifi yake kutoka Maskati na hamtajii mtu. Akishauchoma, moshi wa chetezo ukishaingia kwenye nguo, hautoki leo wala kesho. Kwa hiyo mwanamke aliyezoea udi ananusa nguo na kujua imetoka nyumba gani, kama polisi anavyosoma alama za vidole.

Sasa mume anarudi saa tatu usiku. Anavua kanzu anaitundika. Mke anapita, anasimama. Udi ule si wake. Na si wa mama mkwe, anaujua. Mume yuko bafuni, maji yanamwagika, anaimba kaswida kwa sauti ya chini kama kawaida yake. Hakuna kilichobadilika nyumbani isipokuwa harufu.

Wanaume mliopo hapo mnasema: alikuwa kwenye maulidi nyumba ya watu, basi. Sawa. Huenda. Maulidi huchomwa udi, na aliyekaa karibu na chetezo hurudi amejaa moshi. Tazameni jinsi jibu hilo linavyotosha, halafu tazameni jinsi lisivyotosha. Mke anaweza kuuliza, naye akajibiwa "nilikuwa maulidini", na akalala. Au anaweza asiulize, akaichukua ile kanzu, akaikunja bila kuifua, akaitia kwenye mfuko wa nailoni akaufunga fundo na kuuficha chini ya sanduku. Siku asipouliza ndiyo siku riwaya inapoanza. Anahifadhi harufu! Mwezi mzima atakuwa anaingia nyumba za watu, harusini, matangani, anavuta pumzi mlangoni kabla hajasema hodi.

Hiyo sijaiandika bado. Anayeitaka aichukue, nampa bure.

Kuna mwingine wa kumtazama: fundi cherehani. Ana daftari. Majina upande huu, vipimo upande ule: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Watu hufikiri daktari ndiye anayejua siri za miili ya watu. Daktari anakuona ukiugua. Fundi anakuona kila sikukuu. Mume analeta kitenge cha kumshonea mkewe zawadi, vipimo ameviandika mwenyewe kwenye karatasi. Fundi anafungua daftari, anakuta kiuno cha mama yule kwenye Idi iliyopita kilikuwa kipana kuliko hiki kwa inchi nne. Fundi hasemi kitu. Anakata kitambaa. Anashona nguo ya mwanamke mwembamba na moyoni anamhukumu yule bwana. Hafikirii kwamba inawezekana nguo ni ya mkewe kweli, na kwamba mama yule anakonda chumbani, ameacha kutoka, na wao wawili wamekubaliana asijue mtu. Fundi ataijua kweli siku ya kutoa nguo. Au hataijua, kwa sababu nguo haitakuja kuchukuliwa.

Nilijiambia sitazungumza kwa uchungu leo. Tuendelee.

Msije mkadhani haya ni mambo ya uswahilini tu. Nje huko wamefanya hivihivi na wakapata jina. Mwanamke wa Kiingereza, Daphne du Maurier, aliolewa mwaka 1932 na afisa wa jeshi. Mumewe alikuwa amewahi kuchumbia mwanamke mwingine kabla yake, Jan Ricardo, na uchumba ukavunjika. Du Maurier aliona barua za zamani za mwanamke yule. Kilichomkaa moyoni si maneno ya mapenzi. Ni sahihi: ile herufi R ya jina la Ricardo, kubwa, yenye madaha, iliyoandikwa na mkono usiojua woga. Basi wivu wote ukaingia kwenye herufi moja.

Mwaka 1937 alikuwa Aleksandria, Misri, alikohamishiwa mumewe, joto limemshinda na roho iko kwao Cornwall, ndipo alipoanza kuandika. Riwaya ilitoka mwaka 1938, inaitwa Rebecca. Msichana mnyonge anaolewa na mjane tajiri, anaingia kwenye jumba ambalo kila kitu ndani yake, hadi leso, kina herufi ya mke aliyetangulia kufa. Alfred Hitchcock akaitengenezea filamu mwaka 1940, na ikachukua tuzo ya Oscar ya filamu bora. Na huyo mke wa pili, anayesimulia kitabu kizima, mwandishi hakumpa jina. Marehemu ana jina kwenye jalada, aliye hai hana hata kwenye ukurasa wa mwisho. Mke mwenza aliyekwisha kufa! Mwambieni mwanamke yeyote wa pwani aliyeolewa na mjane, hatahitaji kufasiriwa.

Basi mimi nilitoka pale kwa wakala na mambo mawili kichwani: jina lililosomwa dirishani, na yule Rebecca. Usiku sikulala. Niwaonyeshe nilivyoviunganisha, maana hapa ndipo penye kazi, mengine ni mapambo.

Kwanza nikamwondoa yule baba. Nilimshukuru, nikamwacha aende na kiberiti chake. Mahali pake nikamweka mwanamke wa miaka thelathini na mbili, ameolewa na mjane mwaka wa pili sasa. Mume ni mhasibu wa chama cha ushirika, mtu mpole, anayezima taa za chumba ambacho hayumo. Mke wa kwanza alifariki miaka minne nyuma. Mke mpya haoni wivu. Kila mwaka huenda na mumewe kupalilia kaburi, na yeye ndiye anayebeba jembe.

Usiku mmoja simu ya mume inachajiwa mezani. Ujumbe unaingia, namba haina jina: "Ya mwezi huu sijaiona."

Mnajua wenyewe kinachofuata, kwa sababu wengi wenu mmekifanya na msikatae. Mke anaikariri namba. Anachukua simu yake, anaingia kwenye huduma ya kutuma pesa, anaweka ile namba, anaweka shilingi elfu moja, na anasubiri. Si kwamba anataka kutuma. Anataka jina. Mtandao huandika jina la mwenye laini kabla hujaweka namba ya siri; ukishalisoma, unaghairi, elfu moja yako inabaki kwako. Tumegeuza huduma ya pesa za simu kuwa mganga wa ramli.

Jina linatokea. Ni la marehemu.

Majina yote matatu, kama yalivyochorwa kwenye saruji pale makaburini.

Hapo nikasimama, nikashusha kalamu, nikaenda kunywa maji. Sikuwa nimeongeza jini wala mzimu. Kila kitu kilikuwa ni mambo yetu ya kila siku. Tangu Januari 2020 hapa Tanzania laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA zilianza kuzimwa, na tangu hapo kila namba imefungwa kwenye jina la mtu na kidole chake. Lakini ni nani asiyejua kwamba mwenye jina na mwenye simu wanaweza kuwa watu wawili? Bibi kijijini hana kitambulisho, mkwewe akamsajilia laini kwa kidole chake. Mkwe akafa. Laini haijui kama kuna msiba. Bibi bado anaitumia, na kila mwezi jina la marehemu linapokea pesa ya sukari na mafuta ya taa.

Hilo ndilo jibu la kwanza, na ni jepesi, na lina huruma. La pili sitawaambia, lakini mnalihisi: kwamba kuna mtu anayeishika laini hiyo kwa makusudi, anajua jina lile linamfanya nini yule mume, na analipwa. Au kwamba kaburi lile...

Hapana, niishie hapo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana watu wengi hapa ndipo wanapoteleza. Kinachoishika taharuki ya kisa hiki si jina la marehemu. Jina ni mlango tu. Kinachoishika ni kwamba yule mke hawezi kuuliza. Akiuliza, "Hii namba ni ya nani?", atakuwa amekiri kwamba alisoma ujumbe wa mumewe usiku, akakariri namba, akamchunguza kwa hila. Na yeye ndiye aliyewahi kumwambia, siku za uchumba, "Mimi si mwanamke wa kushika simu za watu." Kwa hiyo sasa nyumba ina siri mbili, moja ya mume na moja ya mke, na ya mke ndiyo tunayoijua. Wanaamka, wanapakuliana chai. Anamtazama akikoroga sukari. Anampenda. Angekuwa hampendi, asubuhi ile ile angekwishauliza.

Nikaiandika. Na, wasikilizaji wangu, nikaiharibu.

Kufika sura ya sita niliingiwa na hofu kwamba msomaji atachoka. Mhasibu, kaburi, chai, nani atanunua? Nikaleta genge la wafanya magendo kutoka bandarini. Nikaleta gari lenye vioo vyeusi, lile lile la vijana wangu. Mhasibu nikamkabidhi bastola. Nikamchapia shangazi yangu sura zile nikampelekea Tanga, maana yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza siku zote. Anasoma na miwani iliyofungwa kwa uzi, na watu wa Tanga mnawajua, mji wa waja leo waondoka leo. Mambo ya mapenzi huwezi kuwadanganya.

Akanipigia simu baada ya siku mbili. Salamu zilikuwa ndefu, nikajua kuna jambo.

"Mwanangu," akasema, "hii bastola imetoka wapi?"

"Shangazi, ni taharuki."

"Huyu si mhasibu wa ushirika? Kaipata duka gani? Mimi nilikuwa nimeketi hapa sipumui, nangoja kama atamuuliza. Atamuuliza leo, atamuuliza kesho. Jana uji umeungua. Unaniletea bastola! Bastola naijua, ikilia mtu anakufa, yamekwisha. Kuuliza je? Akimuuliza nini kitatokea?"

Nikafuta sura mbili nzima. Bastola ikarudi huko ilikotoka.

Nadhani kosa langu lilikuwa lile lile la vijana: kutoamini kwamba cha nyumbani kinatosha. Na ajabu ni kwamba waliotutangulia waliamini. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa wake akili ya kutazama vitu vidogo vilivyo wazi mbele ya kila mtu. Faraji Katalambulla mwaka 1965 akatoa Simu ya Kifo, wakati ambao simu ilikuwa kitu cha maofisini na nyumba chache za wakubwa. Alichukua chombo kipya cha zama zake, akakitia hofu. Leo kila mtu analala na chombo hicho chini ya mto, na sisi bado tunatafuta taharuki bandarini.

Vyombo vipya vinakuja kila siku, na kila kimoja kinavuruga uongo wa zamani na kuzaa mpya. Zamani mume akisema anakwenda Dodoma kikazi, ilikuwa ni kutwa nzima basini, lazima alale huko. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inatoka Dar es Salaam na kufika Dodoma kwa saa zisizofika nne. Mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Sasa anayelala Dodoma ana la kueleza. Na anayesema alilala Dodoma lakini tiketi ya kurudi imeonekana mfukoni, ya jioni ile ile, huyo alilala wapi? Hicho nacho ni kitabu, ingawa kidogo.

Kabla sijamaliza, kuna deni nataka kulilipa hewani.

Miaka mingi nyuma, hadithi yangu ya kwanza kabisa ilipotoka gazetini, niliitoa kwa jirani yetu mmoja. Si jirani wa mchele, mwingine. Mama mmoja mkarimu ambaye mumewe alikuwa anaondoka alfajiri kila Alhamisi, na mtaa mzima ulikuwa na maoni yake. Nilibadili jina, nikabadili kabila, nikauhamisha mtaa ukaenda mji mwingine. Nikasahau kubadili mlango. Mlango wao ulikuwa wa kijani, na kitasa kimefungwa kwa kamba ya katani, nami niliuandika hivyo hivyo, kwa fahari, kama mtu aliyegundua kitu.

Mama yule hakuja kunigombeza. Wiki ile mama yangu alimpelekea bakuli la futari, kama desturi. Na nyinyi mnajua, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hata ukikosa, utatia limau mbili, utatia mchicha, hata chumvi. Bakuli letu lilirudi kesho yake mikononi mwa mtoto. Limeoshwa likang'aa. Na ndani hamna kitu.

Mama yangu alilitazama, akanitazama mimi. Hakuwa amesoma gazeti, lakini alielewa kwamba nimefanya jambo.

Tangu siku ile simchukui mtu. Nachukua pale pasipojulikana tu, kale kaupenyo kati ya nilichokiona na nisichokiona. Mtu mwenyewe namrudishia uso wake, mlango wake, na Alhamisi yake. Ndiyo maana yule baba wa kiberiti nilimwondoa kwanza kabla ya yote. Si kwa ustadi wa uandishi peke yake. Nilikuwa nakumbuka bakuli.

Sasa, juzi Jumanne, nimekwenda tena pale kibandani. Jioni, hakukuwa na foleni. Binti wakala alikuwa anahesabu mauzo, noti amezibana kwa mpira wa nywele. Aliponiona akacheka, akainama kidogo dirishani, akashusha sauti.

"We, unamkumbuka yule baba wa siku ile? Wa kiberiti?"

"Namkumbuka."

"Alirudi jana. Na yule mwenye lile jina, wamekuja wote wawili. Kumbe bwana yule..."

"Niwekee vocha ya elfu moja," nikasema.

Akanyamaza. Akanitazama kama mtu aliyempa mgeni kiti na mgeni akakataa kuketi. "Hutaki kujua?"

"Elfu moja tu, mwanangu. Nina haraka."

Akaniwekea. Nikaondoka. Nimefika penye kituo cha daladala, miguu ikagoma. Wasikilizaji, nilikuwa nataka kujua, nisiwadanganye. Nikasimama pale nikiwa nimeshika simu yangu, moyo unaniambia rudi, uliza, utakufa na nini? Nikageuka.

Alikuwa ameshashusha dirisha la kibanda, anafunga kufuli.